Marin Alsop na Swali la Okestra ni ya Nani

Okestra nyingi kubwa za Marekani na Ulaya hupanga msimu wao kwa mtindo mmoja. Beethoven, Brahms na Tchaikovsky hupewa usiku wa kujaza ukumbi. Utunzi mpya huwekwa mwanzoni mwa onyesho, dakika kumi hivi, wakati wanaochelewa bado wanatafuta viti. Watoto wa mitaa ya maskini huachiwa idara ya elimu, yenye watu wachache na fedha kidogo, na mwaka ukiwa mbaya idara hiyo ndiyo ya kwanza kupunguzwa. Kwa hesabu za mwaka mmoja, mpango huo una busara yake. Kwa hesabu za miaka 30, unaua okestra polepole. Watunzi walio hai wanaonekana wageni wa kuvumiliwa, na majirani wa ukumbi wanaonekana watu wa kupewa sadaka.

Kiongozi wa okestra aliyeupinga mpango huo kwa ukaidi na kwa muda mrefu ni Mmarekani Marin Alsop. Mara nyingi wanaomwandikia sifa huanza na jinsia yake. Wana haki, maana orodha ya mambo aliyoyafanya akiwa mwanamke wa kwanza ni ndefu. Lakini nikiitazama kazi yake yote naona jambo kubwa zaidi. Kwake, kutetea muziki mpya na kuipeleka okestra mitaani hazijawahi kuwa kazi mbili. Zote zinajibu swali moja: okestra ni ya nani?

Alizaliwa New York mwaka 1956 katika nyumba ya wapiga ala. Baba yake, LaMar, aliongoza wapiga fidla katika okestra ya New York City Ballet, na mama yake, Ruth, alipiga sello katika okestra hiyohiyo. Akiwa na miaka tisa alipelekwa kumwona kiongozi na mtunzi Leonard Bernstein akiongoza onyesho la vijana. Bernstein alikuwa na tabia ya kuwageukia wasikilizaji na kuzungumza nao kana kwamba wako sebuleni kwake. Marin akaamua kwamba hiyo ndiyo kazi anayoitaka. Mwalimu wake wa fidla akamwambia wasichana hawafanyi kazi hiyo. Baba yake, aliposikia, alimnunulia sanduku la vijiti vya kuongozea.

Simulizi hiyo hurudiwa kila mara kama habari ya mtoto mwenye ndoto. Mimi naona ndani yake somo la ufundi. Alichokiona kwa Bernstein ni mtu aliyeamini kwamba kuongoza okestra kunahusu pia wale walioketi nyuma ya mgongo wake. Kiongozi husimama kati ya makundi mawili, wapigaji na wasikilizaji, na wengi humaliza maisha yao ya kazi wakilihudumia kundi moja tu. Alsop alijifunza mapema kuyahudumia yote mawili.

Alipata shahada ya fidla katika chuo cha Juilliard mwaka 1977 na shahada ya uzamili mwaka uliofuata. Alipotaka kusomea uongozi wa okestra chuoni hapo, alikataliwa. Mwaka 1981 akaunda String Fever, bendi ya wapiga ala za nyuzi waliopiga muziki wa swing. Mwaka 1984, kwa msaada wa Tomio Taki, mfanyabiashara wa Kijapani wa sekta ya mavazi, akaanzisha okestra yake mwenyewe, Concordia. Okestra hiyo ilipiga kazi za Wamarekani na za watunzi walio hai, na iliuheshimu muziki wa jazi. Nafasi ya kujifunza aliyonyimwa na chuo aliipata huko. Mwaka 1989 alishinda tuzo ya Koussevitzky ya uongozi wa okestra huko Tanglewood, Massachusetts, na Bernstein mwenyewe alikuwa mwalimu wake katika miaka ya mwisho ya maisha ya mzee yule, aliyefariki 1990.

Tuangalie sasa kwa nini okestra huogopa utunzi mpya, kwa sababu lawama tupu hazisaidii. Kwa kawaida okestra ya Marekani hupata mazoezi manne hivi kwa onyesho moja, kila zoezi likiwa la saa mbili na nusu. Simfoni ya Brahms wapigaji wanayo vidoleni tangu chuoni. Kazi mpya hakuna anayeijua. Nota zake hukodishwa kutoka kwa mchapishaji, mtunzi hulipwa haki zake kila kazi inapopigwa, na mara nyingi huhitajika wapigaji wa ziada wa ngoma na vyombo vya kugonga. Na baada ya gharama zote hizo, mnunuzi wa tiketi analisoma jina asilolijua kwenye bango na kubaki nyumbani.

Halafu kuna ugumu wa jukwaani wenyewe. Chukua ukurasa ambao kipimo kinabadilika kila mara: mapigo saba, kisha matano, kisha matatu. Mpiga tarumbeta ametulia kwa vipimo 20, anahesabu kimyakimya. Akipotea katikati, hakuna wimbo anaoujua wa kumrudisha njiani. Anachohitaji ni mkono unaoonyesha pigo la kwanza la kila kipimo bila utata wowote, na jicho linalomtazama kabla kidogo ya zamu yake. Kiongozi anayependa kuonekana mwenye jazba, anayechora mawimbi hewani, anaweza kumaliza Tchaikovsky salama kwa sababu wapigaji wanaijua njia. Mbele ya ukurasa kama huu atawazamisha wote. Uongozi wa Alsop unajulikana kwa uwazi wake: mkono mfupi, pigo safi, hakuna kinachopotea. Watunzi wengi walimpenda kwa sababu hiyo kabla ya sababu nyingine yoyote.

Mahali alipouthibitisha ufundi huo ni Santa Cruz, California. Tamasha la Cabrillo lilianzishwa mwaka 1963 karibu na hapo, na miongoni mwa waanzilishi alikuwemo mtunzi Lou Harrison. Alsop alichukua uongozi wake wa muziki mwaka 1992 na kukaa misimu 25, hadi 2016. Kila mwaka wanamuziki kutoka okestra mbalimbali za Marekani na kwingineko hukusanyika mji huo kwa majuma machache na kupiga muziki wa watunzi wa leo, wengi wao wakiwa wamekaa palepale ukumbini. Wageni hao hulala majumbani mwa wenyeji. Mazoezi huwa wazi na bila kiingilio. Mwalimu wa shule, fundi au mstaafu anaweza kuingia asubuhi, kuona mtunzi akibishana na wapigaji kuhusu kasi ya ukurasa fulani, na jioni kununua tiketi kusikia ubishi ule umeishia wapi.

Hapo ndipo hoja yangu inapopata mguu wa kusimamia. Watu wa Santa Cruz hawakuzaliwa na masikio ya ajabu kuliko watu wa miji mingine. Tofauti ni kwamba waliwahi kumpikia mpiga fagoti kifungua kinywa, wakamsikia akilalamikia ukurasa mgumu, wakaenda kuusikia. Muziki mpya ulipata wasikilizaji kwa sababu ulipata wenyeji kwanza. Aliyekwisha kuona hilo hawezi tena kukubali kwamba kazi ya jamii ni ya idara nyingine.

Lingine linalostahili kusemwa kuhusu Alsop na watunzi ni kwamba alizipenda kazi zao hata zilipokwisha kupigwa kwa mara ya kwanza. Onyesho la kwanza kabisa la kazi fulani ni rahisi kulipatia mfadhili, maana lina habari ndani yake, na magazeti huja. Onyesho la pili halina mwenyewe. Kazi nyingi nzuri hufia kabatini baada ya usiku mmoja wa makofi. Konseto ya vyombo vya kugonga ya Jennifer Higdon ilipigwa kwa mara ya kwanza na okestra ya Philadelphia mwaka 2005, chini ya kiongozi mwingine. Inaanza na marimba peke yake. Baadaye mpigaji mkuu anajibizana na wenzake wa vyombo vya kugonga walioketi nyuma ya okestra, watu ambao kwa kawaida hadhira huwasahau. Alsop aliiongoza kazi hiyo na London Philharmonic, Colin Currie akiwa mpigaji mkuu. Rekodi yao ndiyo iliyompatia Higdon tuzo ya Grammy ya utunzi wa kisasa mwaka 2010.

Mtunzi Joan Tower naye alitunga mfululizo wa fanfare, yaani nyimbo fupi za shangwe, kwa heshima ya wanawake wanaothubutu, na katika ya kwanza akatumia karibu ala zilezile alizozitumia Aaron Copland katika fanfare yake maarufu ya mwaka 1942. Ile ya kwanza Tower aliitoa kwa heshima ya Alsop, na Alsop akazirekodi fanfare hizo na okestra ya Colorado, aliyoiongoza Denver kuanzia 1993 hadi 2005. Ndivyo urafiki wa mtunzi na kiongozi unavyotakiwa kuwa: mmoja anaandika, mwingine anahakikisha maandishi hayafi.

Mtihani mkubwa ulikuja Baltimore. Mwezi Julai 2005 bodi ya Baltimore Symphony ilimteua kuwa mkurugenzi wa muziki, na wanamuziki wengi wakapinga hadharani. Walisema mchakato wa kutafuta kiongozi umekatishwa kabla ya wakati na sauti yao imepuuzwa. Habari ikazunguka dunia. Kwa mtu mwingine, huo ungekuwa mwisho. Alsop aliomba kukutana na wanamuziki ana kwa ana, akazungumza nao, akaikubali kazi. Septemba 2007 alianza rasmi, na kuwa mwanamke wa kwanza kuwa mkurugenzi wa muziki wa okestra kubwa ya Marekani.

Tazama alivyoanza. Katika onyesho la ufunguzi aliweka kazi ya John Adams, mtunzi aliye hai, pamoja na Simfoni ya Tano ya Mahler. Wakati huohuo, tiketi za msimu zikauzwa kwa dola 25 kwa kila kiti, kwa msaada wa mfadhili. Mtu aliyezoea kukaa juu kabisa, nyuma ya nguzo, aliweza kuketi katikati ya ukumbi. Maamuzi hayo mawili yalitangazwa kama habari mbili, lakini yanategemeana. Ukimkaribisha mtu mpya kwa bei nafuu kisha ukampa vitu vilevile vilivyopangwa kwa ajili ya wateja wa zamani, umempa kiti cha mgeni. Na ukipiga muziki mpya mbele ya watu walewale waliolipa bei ya juu ili wasikie walichokizoea, utapata minong’ono na viti vitupu. Kulikuwa pia na mfululizo ulioitwa Off the Cuff, ambapo Alsop aliongea na hadhira, akaifungua kazi vipande vipande huku okestra ikipiga mifano, kisha kazi nzima ikapigwa. Hapo mwanafunzi wa Bernstein alijionyesha.

Mwaka 2005 huohuo alipewa tuzo ya MacArthur, dola 500,000 zisizo na masharti. Alitoa dola 100,000 katika fedha hizo ili kuanzisha OrchKids, mradi wa kuwafundisha watoto muziki. Mwaka 2008 mradi ulianza na watoto 30 wa darasa la kwanza katika shule ya msingi ya Harriet Tubman, magharibi mwa Baltimore. Huu ni upande wa jiji wenye nyumba nyingi zilizofungwa kwa mbao, na familia zilizoishi humo kwa vizazi zikitengwa na ajira. Shule yenyewe ilikuja kufungwa, mradi ukahamia shule nyingine ya karibu, kisha ukasambaa. Haukupita muongo mmoja kabla ya kuwafikia watoto zaidi ya 1,000.

Namna unavyofanya kazi ndiyo inayoutofautisha na ziara za siku moja ambazo okestra hupenda kuzipiga picha. Watoto hukutana baada ya masomo, siku kadhaa kwa juma, mwaka mzima wa shule, na mwaka unaofuata tena. Wanapewa chakula, wanasaidiwa kazi za shule, wanapewa ala bila malipo. Wadogo huanza kwa kuimba na kupiga ndoo, wakijifunza kusikilizana kabla ya kushika fidla. Na jambo ninaloliona muhimu kuliko yote: watoto hutunga. Wanakaa kwa duara, mmoja anatoa mdundo, mwingine anaongeza sauti, mwalimu anawasaidia kupanga, na mwisho wake kuna kazi isiyokuwepo asubuhi ile. Mtoto aliyetunga wimbo na wenzake hatamwona mtunzi kama mtu aliyekufa Vienna miaka 200 iliyopita. Baadhi ya watoto wa mwanzo waliingia Baltimore School for the Arts, shule ya sekondari ya sanaa ya jiji hilo, na wengine wakaendelea na maisha bila ala, wakiwa watu wazima wanaojua kwamba ukumbi ule ni wao pia.

Wasomaji wa Nairobi wana mfano wa jirani. Mwaka huohuo wa 2008, Elizabeth Njoroge alianzisha mradi wa muziki wa Ghetto Classics katika mtaa wa Korogocho. Mradi huo na ule wa Baltimore hufuata njia iliyofunguliwa Venezuela na José Antonio Abreu, aliyeanzisha El Sistema mwaka 1975: watoto wapige pamoja tangu siku ya kwanza, wasingoje kuwa mahodari. Wanaouliza mtoto wa Korogocho atafaidika nini na fidla wawaulize pia wazazi wa Baltimore. Jibu la pande zote mbili ni saa za jioni zenye mwalimu, nidhamu na wenzao wanaowategemea.

Baltimore haikukosa siku ya kuupima ukweli wa maneno hayo. Aprili 2015, Freddie Gray, kijana Mweusi, alifariki kwa majeraha aliyoyapata akiwa mikononi mwa polisi. Baada ya mazishi yake jiji likawaka ghasia. Timu ya besiboli ya jiji ikacheza katika uwanja usio na mtazamaji hata mmoja. Siku hiyohiyo, tarehe 29 Aprili, saa sita mchana, Alsop na okestra yake walitoka nje ya ukumbi wa Meyerhoff wakapiga bure barabarani kwa yeyote aliyetaka kusikia, na watu wakajaa. Onyesho lile halikurudisha uhai wa mtu wala halikurekebisha jeshi la polisi. Lakini lilieleweka. Okestra isiyokuwa na miaka saba ya kazi katika mitaa ile ingetoka nje ikaonekana inajitangaza.

Pale nyuzi zote mbili zilipofumwa pamoja, kazi yake ilifika juu kabisa. Mwaka 2008 aliongoza Mass ya Bernstein, kazi yenye kwaya ya kanisa, waimbaji wa mtaani, roki na blues ndani yake, na katika rekodi yake aliitumia kwaya ya Morgan State, chuo kikuu cha Baltimore chenye historia ya kuwasomesha Weusi. Mwaka 2010 okestra ilianza kuwaalika watu wazima waliowahi kusoma ala na kuziacha, wakapanda jukwaani kupiga bega kwa bega na wataalamu. Na Simfoni ya Tisa ya Beethoven ikapata maneno mapya yaliyoandikwa na Wordsmith, rapa wa jiji hilohilo. Kazi kongwe inayoheshimiwa mno ikawa na kinywa cha mtaa.

Sitaki kuandika sifa tupu, kwa hiyo niseme palipouma. Mwezi Juni 2019 uongozi wa Baltimore Symphony uliwafungia nje wanamuziki wake katika mgogoro wa mkataba. Maonyesho ya kiangazi yakafutwa, na wapigaji waliokuwa na familia na mikopo ya nyumba wakakaa bila mishahara. Kosa hilo halikuwa la mkurugenzi wa muziki, ambaye hasaini mikataba ya ajira. Hata hivyo linatufundisha kwamba miradi ya watoto na mahubiri kuhusu jamii hayawezi kuchukua nafasi ya mshahara wa mpiga obo. Jamii ya kwanza ya okestra ni watu waliomo ndani yake. Bodi inayosifiwa kwa kuwafundisha watoto huku ikiwafungia milango walimu wao inajenga upande mmoja na kubomoa mwingine. Pia, miaka ya OrchKids haikutosha kubadili sura ya jukwaa. Wapigaji Weusi katika okestra kubwa za Marekani bado ni wachache mno, na mtoto aliyeanza darasa la kwanza mwaka 2008 anahitaji takribani miaka 20 ya mafunzo kabla ya kushindania kiti. Anayetaka matokeo ya haraka hapa amekosea mlango.

Kuhusu wanawake, Alsop aliona mapema kwamba kuwa wa kwanza hakutoshi kama hakuna wa pili. Mwaka 2002 alianzisha ufadhili wa kuwafunza viongozi wa kike, ukiwa na jina la Taki aliyemwamini yeye kijana. Anawafundisha jambo mahususi sana: ishara ileile ya mkono husomwa tofauti ikifanywa na mwanamke. Mwanamume akiongoza kwa wepesi huitwa mwenye hisia, mwanamke huitwa dhaifu. Akiwa na nguvu, mwanamume huitwa shujaa na mwanamke huitwa mkali. Basi wanafunzi wake hufanya mazoezi ya bega, kiwiko na mkao wa miguu mpaka ishara ibaki kuwa muziki peke yake. Mwaka 2013 alipokuwa mwanamke wa kwanza kuongoza usiku wa mwisho wa tamasha la Proms jijini London, baada ya miaka 118, tayari walikuwapo vijana waliokwisha kupita mikononi mwake wakiongoza okestra zao. Mwaka 2019 akaenda Vienna kuwa kiongozi mkuu wa okestra ya redio ya Austria, inayojulikana kwa kuupenda muziki wa kisasa, na huko pia hakuna mwanamke aliyewahi kumtangulia.

Kwa hiyo tukitaka kumpima kiongozi yeyote wa okestra, tuache kuhesabu maonyesho ya kwanza na picha za watoto walioshika fidla siku ya uzinduzi. Tuulize kazi ngapi za watunzi walio hai zimepigwa mara ya pili na ya tatu. Tuulize watoto wangapi bado wanakuja katika mwaka wa nne, baada ya wafadhili kuhamia kwingine. Tuulize wapigaji wanalipwa vipi, na ni vijana gani wamefunzwa kuushika uongozi baada yake. Alsop anaweza kuyajibu mengi kati ya maswali hayo kwa kazi zinazoonekana. Bodi yoyote, iwe Baltimore au Nairobi, ikitafuta kiongozi mpya, iyaweke maswali hayo mezani kabla ya kutazama wasifu wa mtu.